Mwalimu Idrissa Ntandu na Madebe ya Ng'ambo

Mwalimu Idrissa Ntandu anastaafu tarehe 30 Juni 2005, baada ya miaka thelathini na saba ya kufundisha. Miaka ishirini na sita ya mwisho ameitumia hapa kwetu, Shule ya Msingi Mwandila, na yote katika darasa moja: Darasa la Kwanza. Walimu aliowakuta na waliomkuta walipanda, wakafundisha la tano na la saba, wengine wakawa waratibu wa elimu. Yeye kila alipoulizwa kwa nini hapandi, alijibu kwamba la kwanza bado hajalimaliza.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu huu kwa sababu tangu Januari, baada ya kumaliza kidato cha nne, ninajitolea katika darasa la awali, na chumba chetu kinapakana na chake. Nadhani pia ni kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Atakayewasomea leo ni Mwalimu Elizabeti. Ninamshukuru kwa hilo kuliko anavyojua.

Mwalimu Idrissa alizaliwa mwaka 1945 karibu na Ilongero, kwa wazazi waliolima uwele na kufuga ng'ombe wachache. Alisomea ualimu, na mwaka 1968 akapangiwa kazi yake ya kwanza Itigi. Huko alikuta watoto wana tabia ya kutoroka darasani kwenda kutazama treni. Hakuwachapa. Aliwatoa nje wote, akawaketisha mbali na reli, akawafundisha kuhesabu kwa mabehewa ya treni za mizigo. Somo lilikwenda vizuri sana, ila siku ikipita treni fupi watoto walinung'unika kwamba wamepunjwa.

Itigi alitoka na vitu viwili. Cha kwanza ni kupenda asali, ambayo mpaka leo anaitia kwenye chai, kwenye uji, na siku moja tulimwona anaitia kwenye maharage. Cha pili ni mke wake, Mama Luqmani, ambaye husema kwamba alimsikia Mwalimu kwa wiki nzima kabla hajamwona. Sauti ile tunaijua wote. Akisomesha a, e, i, o, u, wanaopita barabarani kwenda gulioni huitikia bila kujijua.

Hawezi kuimba. Hili nimeombwa niliandike na walimu wenzake wote.

Mwaka 1996, mitumba ilipokuwa imejaa sokoni Singida Mjini, alirudi kutoka mjini na koti la mvua la rangi ya njano, kubwa hata kwa mwili wake, lenye maandishi mgongoni ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Watoto wakaliita Embe. Mwalimu Elizabeti anasimulia kwamba alimcheka siku ile.

"Mwalimu, mvua yenyewe huku ya kubahatisha. Koti la nini?"

"Nimelinunua sasa lingali rahisi. Mvua ikija litapanda bei."

Mvua ilikuja. Wote tuliokuwepo tunaikumbuka, ile tunayoiita Elinino, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1997 na kuendelea hadi 1998. Mimi nilikuwa darasa la tano. Kwa wageni wetu wa leo naomba nieleze kidogo. Kati ya shule na kitongoji cha Ng'ambo kuna korongo. Kiangazi ni mchanga mtupu, watoto huvuka wakicheza. Nyumba nyingi za Ng'ambo wakati ule zilikuwa tembe, zenye paa la udongo. Paa hilo linaivumilia mvua yetu ya kawaida, lakini ile ilinyesha siku kwa siku, udongo ukanywa maji mpaka ukawa mzito kupita nguvu za miti iliyoubeba. Asubuhi moja ya Januari, watoto wakiwa darasani, matembe yakaanza kuanguka.

Mchana ule watoto wa Ng'ambo walivushwa mikononi na watu wazima, na wengine walipofika hawakukuta nyumba. Tulizika siku hiyo na kesho yake. Mmoja wa waliozikwa alikuwa mama yake Selina.

Selina alikuwa ndiyo kwanza ameanza Darasa la Kwanza. Asubuhi mama yake alimfunga vifungo vya sare, na sare ile ikawa ndiyo nguo pekee aliyobaki nayo. Alichukuliwa na bibi yake, Bibi Aneth, ambaye kibanda chake cha nyasi kilisalimika kwa sababu kilikuwa chepesi.

Shule ilipofunguliwa tena, watoto wale walirudi. Jua likiwaka walicheza kama wengine, na watu wazima wakafurahi wakisema watoto husahau haraka. Lakini wingu likitanda, penseli ziliwekwa chini zote. Tone la kwanza likigonga bati, Darasa la Kwanza lilitoka mbio kwenda nyumbani, Selina akiwa mbele. Na njia ya nyumbani ni korongoni, ambako maji hushuka kwa ghafla kutoka juu hata kama hapa kwetu ni manyunyu. Siku moja Mwalimu Idrissa alimkuta Selina ukingoni, maji yameshafika, mguu mmoja umeshaingia. Alimvuta kwa ukosi wa sare. Kila mtu alielewa kwamba Elinino ilikuwa bado haijamaliza kazi, na kwamba siku moja Mwalimu atachelewa.

Ikaamuliwa kwamba mvua ikianza mlango ufungwe. Mwalimu Idrissa alikubali, na yeye mwenyewe ndiye aliyeufunga, kwa mnyororo wa baiskeli yake. Huwa halifichi jambo hili. Ndiye aliyenihimiza niliandike. Watoto walilia mpaka sisi wa la tano tukalia pia, na kuta za vyumba vyetu wakati ule hazikufika juu, kwa hiyo tulisikia kila kitu. Tulimsikia akipaza sauti yake yote kuishinda mvua.

"Tulieni! Nyumbani hakuna kilichotokea! Wote ni wazima!"

Ndipo mtoto mmoja mdogo, Marko, akamwuliza.

"Mwalimu, umejuaje, na wewe upo humu humu na sisi?"

Mvua ilipokatika Mwalimu aliufungua mnyororo, akaenda kwa mwalimu mkuu wa wakati ule, akasema hataufunga tena, na akaomba apewe siku chache.

Jioni ile ile alivuka kwenda Ng'ambo. Watu walikuwa wanafyatua matofali ya kujenga upya, akawakusanya hapo hapo kwenye matope. Wazo lake lilitokana na kitu ambacho kila mkulima wa uwele hapa kwetu anacho: debe la kufukuzia kwelea kwelea. Shule, kama mnavyojua, ina kengele ya rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mgunga. Mwalimu aliomba hivi: wingu likitanda, kabla mvua haijaanza, yeye atagonga rimu, na kila nyumba ya Ng'ambo ijibu kwa kupiga debe, ili mtoto asikie kwa masikio yake mwenyewe kwamba kwao kupo na watu wapo.

Mzee Isaka, ambaye ng'ombe wake mnawajua kwa kuingia kwenye bustani ya shule, hakuridhika.

"Mwalimu, uwele wenyewe uko kifundoni. Tufukuze ndege gani?"

"Ndege wapo, mzee wangu. Wako darasani kwangu. Wakisikia mvua wanaruka."

"Na mimi nikiwa ninanyonyesha?" akauliza mama yake Marko.

"Lipige kwa mguu!" akajibu mama mwingine, na inasemekana kicheko kile kilikuwa cha kwanza kusikika Ng'ambo tangu mazishi.

Siku ya kwanza mambo hayakwenda sawa. Wingu lilitanda, Mwalimu akagonga, na madebe ya Ng'ambo yakalia yote. Lakini kijiji cha jirani hakikuwa kimeambiwa. Kule waliposikia madebe walijua jambo moja tu, kwamba kwelea kwelea wameingia, wakakimbilia mashambani na makombeo, wake kwa waume, wakasimama kwenye mvua wanatazama juu. Mzee mmoja alikuja mpaka shuleni amelowa chapachapa kuuliza ndege wameelekea wapi. Mwalimu alimpa chai yenye asali akamweleza. Mzee akanywa, akasema na wao debe lao watalipiga, lakini safari nyingine waambiwe mapema.

Polepole watoto wakaanza kubaki. Rimu ikilia walijazana dirishani, kila mmoja ametega sikio.

"Huyo mama!"

"Huyo wa kwetu!"

"Wa kwenu anapiga kama anatwanga!"

Kila nyumba ilipata mapigo yake. Mama yake Marko alipiga haraka haraka. Bibi Aneth alipiga mara mbili, akapumzika, akapiga mara moja, kwa sababu mkono wake ulikuwa unachoka. Selina alisimama dirishani hadi ayasikie yale mawili na lile moja. Akiyasikia, anarudi kuketi. Begi lake, hata hivyo, hakulivua mgongoni.

Mwezi wa pili alikuja mama mmoja wa ustawi wa jamii kutoka mjini. Alikaa na watoto siku mbili, akamshauri Mwalimu awape udongo wafinyange wanachotaka, na wasikatazwe chochote. Mwalimu aliufuata ushauri huo kwa moyo wote. Aliketi sakafuni na mwili wake ule, akafinyanga ng'ombe.

"Mwalimu, huyo ni nguruwe!" watoto wakamwambia.

"Astaghafirullahi," akasema, akamwongezea pembe.

Selina alifinyanga tembe, akalivunja kwa ngumi, akalifinyanga tena. Alifanya hivyo siku nyingi. Siku ya kwanza Mwalimu alinyoosha mkono amsaidie kuliimarisha, mama wa ustawi akamtikisia kichwa, akaurudisha mkono. Anasema kuurudisha mkono ule ndilo somo gumu kuliko yote aliyosoma.

Kisha ikafika siku moja ya mwezi wa tatu, ambayo nadhani ndiyo sababu hasa ya sisi kukusanyika hapa. Wingu lilitanda kutoka upande wa ziwani, zito. Mwalimu akagonga rimu. Madebe ya Ng'ambo yakajibu moja moja: kwa kina Marko, kwa Mzee Isaka, mengine yote. Watoto wakarudi kuketi mmoja mmoja. Selina hakurudi. Mapigo mawili na moja hayakuja.

Mwalimu akagonga tena. Kimya. Matone yakaanza kugonga bati. Selina aligeuka, akaelekea mlangoni. Sisi wa chumba cha pili tulikuwa tumepanda juu ya madawati, tunachungulia juu ya ukuta, na Mwalimu Elizabeti hakutukataza kwa sababu naye alikuwa anachungulia.

Mwalimu Idrissa hakumshika. Alichuchumaa mlangoni mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto.

"Mwalimu, bibi hajajibu."

"Ni kweli, hajajibu."

"Kwa nini?"

"Sijui. Nakwenda mimi kuona. Wewe baki usikilize."

"Na ukimkuta ameanguka?"

Tulidhani atasema hawezi kuanguka. Mtu mzima yeyote angesema hivyo.

"Nitarudi kukwambia mwenyewe, Selina. Sitamtuma mtu."

Selina akasogea, akampisha njia.

Mwalimu alivaa Embe akatoka. Mwalimu Elizabeti alituleta sote kwenye chumba kile, tukasimama nyuma ya watoto wadogo. Tuliona koti la njano likishuka korongoni, maji yakiwa ya kifundoni, likapanda upande wa pili. Halikuwa limefika mbali maji makubwa yaliposhuka nyuma yake, mekundu, na magogo ndani yake. Sasa hata angetaka kurudi asingeweza. Koti likapotea nyuma ya nyumba. Mvua ikakaza juu ya bati, hatukusikia tena kitu. Selina alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili, na hakukimbia. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu aliyekwenda kuangalia kwa niaba yake.

Mvua ilipopungua kidogo, debe likalia. Hayakuwa mawili na moja. Yalikuwa mapigo ya ovyo, makubwa, mfululizo, kama mtu anayevunja mlango. Selina aliweka sikio kwenye nondo.

"Huyo si bibi," akasema.

Mwalimu Elizabeti akasogea kumshika bega, naye akaendelea.

"Huyo ni Mwalimu. Bibi hajui kupiga vibaya hivyo."

Mapigo ya ovyo yakakoma. Kisha, kwa mbali, kwa mkono uliochoka, tukasikia mawili. Tukasubiri. Tukasikia moja.

Selina alirudi mahali pake, akavua begi mgongoni, akaliweka chini ya dawati, akachukua penseli.

Kilichotokea upande wa pili tumesimuliwa na Bibi Aneth, ambaye tunamshukuru Mungu bado yupo nasi na leo ameketi mstari wa mbele. Asubuhi ile alikuwa amelikinga debe lake chini ya paa, apate maji safi, kwa maana ya korongoni yalikuwa tope. Mvua ya alfajiri ilikuwa imelijaza hadi juu. Rimu ilipolia alilipiga, likatoa sauti kama kofi kwenye mgongo wa ng'ombe. Kulinyanyua hakuweza. Kuyamwaga maji mazuri vile moyo wake ulikataa. Alikuwa bado anafikiri Mwalimu alipotokea, anahema.

"Shikamoo, bibi. Mbona hujibu?"

"Marahaba, mwanangu. Nijibu na nini? Debe limejaa."

Mwalimu akalipiga teke debe, maji yote yakamwagika uani.

"Mwalimu! Maji yangu!"

"Maji yanakuja mengine, bibi, yanadondoka hayo. Mjukuu wako yuko dirishani."

Wahenga waliposema debe tupu haliachi kuvuma hawakuwa wanalisifu. Ng'ambo wao wanalisifu. Tangu siku ile, kila nyumba ina debe moja ambalo halikingiwi maji, na bibi harusi akihamia kule huonyeshwa debe hilo kabla ya kuonyeshwa jiko.

Korongo halikupungua mpaka kesho yake. Mwalimu alilala kwa Mzee Isaka, akala mlenda mara mbili, na asubuhi alipovuka, Embe likiwa limechanika mgongoni katikati ya yale maandishi, Darasa la Kwanza lilimpokea ukingoni. Walimwomba asipige debe tena.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, rimu ililia na madebe yakajibu, na Marko hakuinua kichwa kutoka kwenye daftari lake. Selina aliendelea kwenda dirishani mwaka mzima, halafu siku nyingine akaenda na nyingine akasahau. Mwalimu hakuwaharakisha. Alisema kila mtoto atashuka kwenye treni kituo chake. Watoto wale sasa ni wakubwa. Selina yuko kidato cha kwanza, na leo ameomba ruhusa shuleni kwao aje.

Mengi yamebadilika. Tumepata vyumba vipya ambavyo kuta zake zinafika juu, na nyumba nyingi za Ng'ambo zimeezekwa bati, kwa fedha za alizeti. Lakini wingu likitanda rimu hulia na Ng'ambo hujibu. Tangu siku Mwalimu alipoufungua ule mnyororo, korongo halijamchukua mtoto hata mmoja wa Mwandila. Watoto wangu wa awali hawakuwa wamezaliwa wakati wa Elinino. Wao wanadhani kila shule duniani hujibiwa na madebe.

Mwalimu Idrissa na Mama Luqmani wamejenga nyumba yao ya kustaafia Ng'ambo, jirani na Bibi Aneth, na ameshatundika mizinga ya nyuki. Wiki iliyopita alikuja chumbani kwetu akanikabidhi nondo ya kugongea rimu. Nilimwambia mimi siwezi, Mwalimu, sauti yangu ndogo. Akasema rimu haiulizi sauti ya mtu.

Mwalimu wetu, walimu, wazazi na watoto wa Mwandila tunakushukuru. Tunakuombea afya, mapumziko mema pamoja na Mama Luqmani, na mizinga isiyokauka. Sasa hivi ni kiangazi, hakuna anayetazama juu. Lakini mwezi wa kumi na moja wingu litatanda, nami nitagonga, na Darasa la Kwanza litakwenda dirishani kusikiliza kama upo. Utujibu, Mwalimu, hata kwa mapigo yako yale mabaya. Na debe, tunakuomba, usilikingie maji.